Mzunguko Elfu Tatu

Natoka Sikonge, jua halijanifika kichwani,
nyuma nimepakia madumu kumi na manne ya asali.
Mshale wa mwendo umesimama themanini,
ule wa injini elfu tatu.
Gia ya tano. Nikakanyaga klachi, nikatafuta ya sita
kama mtu anayepapasa ngazi gizani
mguu ukakuta sakafu.

Nilidhani ndiyo sauti ya gari lenye nguvu.
Siku ananiuzia, shemeji Kapela aligonga boneti kwa kiganja,
akasema ng'ombe hazeeki maini.
Dashibodi nayo ikasema elfu themanini na saba,
tarakimu zimejipanga
kama wanafunzi siku ya mkaguzi.
Nikalipa. Misimu mitatu ya nyuki wa Ipole na Koga,
noti kwa noti, juu ya kitanda cha mdogo wangu.

Nyuki akitaka kukuuma, walau unamsikia.

Msagata wa Isevya hakuuliza kilometa.
Aliegesha ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini sikioni,
kama mkunga na kile kipembe chake,
akanyamaza muda mrefu hadi nikaogopa.
"Mama, difu hii si yake.
Kuna mtu aliifunga fupi, ya kuvutia mizigo,
tumbaku labda, Urambo, masika, kwenye tope.
Injini hii imetembea kuliko barabara."

Imetembea kuliko barabara.
Nilimkumbuka mama yangu,
aliyekufa hajaiona hata Nzega
na magoti yamekwisha.

"Na mkanda wa taimingi?"
Nikasema shemeji aliniambia ni mpya.
"Mpya wa lini?"
Akafuta mikono, huku akieleza:
mnyororo ukichoka hugonga, utausikia toka mbali.
Mkanda haulalamiki. Hukatika katikati ya neno,
valvu ziko chini, pistoni zinapanda,
na wewe uko pale baada ya Tutuo, pasipo mtandao,
unashangaa kwa nini kumekuwa kimya.
Tena hauhesabu kilometa, unahesabu mizunguko.

Ndaki, mwanafunzi wake, akafungua kifuniko,
akakipangusa kwa tambara la kanga.
Chini ya vumbi kulikuwa na kibandiko cha njano
cha huko Japani lilikotoka,
herufi zake kama mizinga iliyotundikwa mitini,
hakuna wa kuzisoma.
Ila namba hazitaki mkalimani:
laki moja arobaini na tatu elfu, mia mbili na nane.
Hapo ndipo mkanda ulipobadilishwa mara ya mwisho.
Tukainama wote watatu, tukachungulia dashibodi:
elfu themanini na tisa, inaapa.
Ndaki akacheka. Halafu akaniangalia usoni, akaacha.

Ulipotolewa niliushika.
Mgongo umepasuka vistari kama kisigino cha kiangazi,
meno mawili yameng'oka,
la tatu lilibaki kwenye kidole changu.
"Umeletwa na Mungu," alisema Msagata,
kisha akanitajia bei.

Sasa narudi. Mkanda mpya, difu ileile,
ya kwake bado tunaitafuta Mwanza.
Mwendo sitini, mshale wa injini elfu mbili na kidogo.
Lori la mbao linanipita, linanipigia honi ya dharau,
nami nasikiliza, nasikiliza,
kila kokoto nadhani ni chuma.

Jumamosi wanaleta mahari ya binti wa Kapela
na asali niliahidi mimi.
Labda hata yeye aliuziwa hivyohivyo.
Labda yeye ndiye aliyezirudisha namba, usiku, kwa tochi.
Mdogo wangu atanipokea madumu, atauliza:
dada, gari linaendaje?

Mkanda wa zamani upo hapa, kiti cha pembeni,
ndani ya mfuko wa sukari.
Sijajua nimeuchukua wa nini.
Kwenye bonde la Ipole nimeingiza ya tatu,
injini ikapanda sauti,
na mfuko ukateleza, ukaanguka miguuni kwangu.